Papa alivaa koti ya kanisa sababu ya kamera

Leo Jumamosi. Asubui mvua, kisha kajua kadogo. Butembo yote ni matope, lakini mimi niko na furaha mpaka nasikia haya.

Niseme ukweli kwanza: machine yetu ilikuwa haione papa yangu, baba mwenye alinizaa.

Papa anatelemusha viazi toka Kipese na chukudu yake, ile kama baiskeli ya mbao ya kusukuma, haina pedali. Kuko kona moja mubaya kwenye malori inapandia. Mwaka yenye ilipita, lori ilimugusa, ikapasua mufuko. Yeye alirudia nyumba anacheka. Mimi sikucheka.

Donc mimi na Kambale, tulisoma naye informatique, mambo ya kompyuta, tukaweka kamera pale juu ya kona. Akili ya machine, ile banaita IA, inatambua nini inatelemuka, kisha taa nyekundu inawaka chini ya kona ili shofere apunguze mwendo.

Moto, ile pikipiki, ikipita, taa inawaka. Gari, inawaka. Hata mbuzi!

Papa akapita. Taa kimya.

Machine ilifundishwa na mapicha ya inchi za mbali kwenye hakuna chukudu. Iliona mifuko ya viazi, haikuona mutu nyuma yake. Mbuzi inaonekana, papa yangu hapana. Nililia ku bureau, ofisi yetu ya kazi, Kambale ananiangalia.

Tukaamua kuifundisha na mapicha ya kwetu. Nikaomba papa apite mbele ya kamera. Eee Mungu wangu! Alikuya na koti ya kanisa, kofia, viatu vya kungaa, chukudu imeoshwa, hata kiazi moja hapana. Akasimama katikati ya barabara, mikono ku mapaja, bila kucheka.

"Papa, tunataka vile unakuwaka ku kazi."

"Masika, mutoto yangu, mutu hapigwe picha na matope. Batatuzarau."

Ile picha haikusaidia machine kitu. Nimeichunga ku telefone, sitaifuta hata siku moja.

Wenzake ba chukudu njo balitusaidia, na mizigo yao na matope yao. Juma nzima nilichora kakisanduku juu ya kila mumoja ku picha, naambia machine: huyu ni mutu. Huyu pia ni mutu. Macho iliniuma sana.

Leo nilisimama chini ya kona. Lori ilikuwa inapanda na nguvu.

Taa ikawaka.

Lori ikapunguza, ikakaa pembeni. Na papa akatokea na mifuko ine, matope mpaka magoti, na koti ya kanisa ku mugongo! Ati toka kamera iko pale, hawezi tena kupita ovyo. Alipofika ku taa, akatoa kofia, akaiambia kwa Kinande, "Wasingya." Aksanti, sawa vile anaaksantia jirani.

Nakupenda, papa, na kichwa yako nguvu, na ubishi yako.

Kesho ni ibada, na ile koti ni matope tupu. Niache kuandika, niende kuifua mimi mwenyewe.