Korongo wa Jikoni kwa Mideva

Jumanne, 3 Juni 2025
Klabu ya ndege. Mwalimu Aloo alitufungulia ramani yetu ya mtandaoni. Korongo kumi na mmoja, na wote wanaishi mjini, mtaa wa Huruma, kwenye ploti ya akina Mideva. Aibu. Simu ni marufuku shuleni, kwa hivyo katibu wetu Mideva huandika ndege kwenye daftari, kisha jioni anawatuma kwenye ramani akiwa jikoni kwao. Simu inaweka alama hapo alipo. Nikamweleza. "Wee Jepkosgei, si ndege ana mabawa? Atafika tu." Klabu nzima ikacheka. Hawa ndio wanasayansi wa kesho.

Jumamosi, 7 Juni
Kwa Kogo, mamake Baba, huko Plateau. Nimepata kiota cha korongo kwenye kinamasi chini ya shamba lake. Mayai mawili. Nilisimama hatua tatu kutoka hapo na simu ya Mama mpaka namba za GPS zikatulia — desimali sita, mahali penyewe hasa. Kazi hufanywa hivyo. Kogo akauliza namwonyesha nani. Nikasema watu wote, ramani iko wazi kwa kila mtu.
"Watu wote ni wengi," akasema.
Mambo ya wazee.

Jumatano, 11 Juni
Mwalimu Aloo alinisifu mbele ya klabu: kwa alama hii hata mgeni kutoka Eldoret angefika kiotani. Mideva akaandika daftarini. Vizuri.

Jumamosi, 14 Juni
Nyasi za kinamasi zimelala, njia nzima. Nilidhani ni ng'ombe. Ni viatu. Kogo anasema vijana wawili walikuja Alhamisi na pikipiki, hawakumuuliza mtu njia. Walikuwa wakifuata simu. Yai limebaki moja.
Desimali sita.

Jumapili, 15 Juni
Kanisani sikusikia neno. Alama haifutiki, mwalimu ameshaipitisha. Husogezwa tu. Nilimpigia Mideva, nikamuuliza jikoni kwao ni wapi hasa.
"Kumbe naye ana mabawa," akasema. Nilistahili. Halafu nikamwambia kuhusu yai, akafungua ramani huku nikisogeza alama. "Sogeza kulia. Hapo umeweka ni choo cha ploti."
Nimesogeza. Korongo wa Plateau sasa yuko Huruma pamoja na wenzake kumi na mmoja.

Saa kumi — Kogo amepiga. Korongo bado ameketi juu ya yai. Lakini pikipiki imerudi na kijana mwingine, iko langoni, na mwenyewe anageuzageuza simu. Safari hii anauliza njia. Kogo anataka kujua amwambie nini.