Libaya la Siku ya Ubatizo

Mpendwa mdogo wangu,

Simu yako haiiti tena. Nimetuma watu Nyunzu, nimewauliza madereva wa malori ya Manono, nimewauliza hata wanaovuka ziwa na mizigo kwenda Kigoma. Hakuna aliyekuona. Leo ni juma la saba tangu uniambie unakwenda sokoni kununua sabuni, ukamwacha mwanao wa miezi mitatu amelala katika kapu la vipande vya vitambaa vyangu, na hukurudi.

Basi nakuandikia mbele ya watu. Mama mmoja wa redio hapa Kalemie amekubali kuisoma barua hii mchana, saa ya matangazo, wakati kila kibanda cha sokoni kimefungulia redio. Jina lako sitalitaja. Wewe utajijua. Mimi watanijua wote, yule fundi wa nguo mwenye mdomo, na acha wanijue. Nilikuaibisha mbele ya wanawake wa mtaa mzima, na sina njia nyingine ya kulipa.

Kwanza ujue kwamba mtoto ni mzima. Anakunywa maziwa ya kopo, hapendi kofia, na juzi amejigeuza mwenyewe kutoka tumboni hadi mgongoni, akashtuka, akalia kama aliyesukumwa na mtu. Nilicheka hadi nikakumbuka kwamba wewe hukuona.

Sasa wewe nawe! Sabuni gani hiyo ya majuma saba? Nisamehe. Unaona, hata nikiomba msamaha ninagomba.

Unakumbuka kijijini Zongwe, kabla mama hajafa? Tulikuwa tunapandisha mabeseni ya ndagala, dagaa wa ziwani, kutoka ufukoni hadi penye vichanja vya kuanikia. Mimi nilishika beseni langu kwa mikono miwili, mabega yamepanda hadi masikioni, shingo imekakamaa, na bado nilimwaga. Wewe, mtoto mdogo vile, ulipanda mlima beseni kichwani, mikono ikining'inia, unatafuna muwa. Mama alisimama akakuangalia. "Muone huyu," aliniambia, "anatembea sawa muntu hana kitu ku kichwa." Nilikasirika siku nzima. Lakini tangu siku ile nilijua kwamba mwendo wako ni kitu ambacho hakifundishwi.

Mama alipofariki nikakuleta hapa mjini, nikakulea kwa cherehani. Sikuwa na sanamu ya kujaribia nguo, nikakupandisha wewe juu ya kigoda. Harusi ngapi za Kalemie zilipita kwanza mwilini mwako! Nilikuzunguka na pini mdomoni, na wewe umesimama umelegea, unasinzia, mara unaniuliza tutakula nini. Nguo iliyokukaa wewe ilimkaa kila mtu, kwa sababu ulisimama kama mtu aliye nyumbani kwake. Kupitia kwako nilijua siri ya kazi yangu. Mwanamke akijibana wakati wa kupimwa, nguo itamfaa siku hiyo moja tu. Kwa hiyo kila mteja aliyeingia, hasa akiwa na mtoto mgongoni, nilimwambia maneno yale yale: "Mama, pumua. Shusha mabega. Acha tumbo ikae kwake." Walicheka kwa haya, kisha walipumua. Wengine walisema hawajapumua hivyo tangu wajifungue. Nilijiona nina busara sana.

Halafu ukazaa wewe.

Walikupasua, siku tatu hukuweza kukaa. Mumeo alikuwa Manono kwenye machimbo, akapiga simu analia kwa furaha. Muuguzi alinivuta pembeni akanieleza polepole: "Mumuache asimame venye mwili yake inaweza. Musimufunge kwa nguvu. Atanyooka mwenyewe." Nikaitikia ndiyo, ndiyo. Tulipofika nyumbani nikachemsha maji, nikachana kitenge kirefu, nikakufunga tumbo kama walivyomfunga mama, na mama yake mama. Kwani wao walikuwa wajinga?

"Yaya, inanifinya," ulinilalamikia mimi dada yako mkubwa.

"Uvumilie. Uzuri njo inafinyaka."

Nilisema hivyo, kwamba uzuri lazima ufinye. Ulikuwa unatembea uani umeinama, mkono mmoja kwenye kidonda, na mimi napiga kelele kutoka kwenye cherehani mbele ya wateja, "Simama! Unatembea sawa bibi wa miaka makumi munane!" Wewe ulinyooka hatua mbili, ukafumba macho, ukainama tena. Niliona ule ni uvivu. Mungu anisamehe, niliuita uvivu.

Ubatizo wa mtoto ulipokaribia, wanawake wa mtaa wakanunua kitenge kimoja, kile chenye maua ya manjano, na mimi nikawapima wote. Mwisho ukaja wewe, umemshika mtoto, ukasimama mbele yangu kwa unyenyekevu ambao sikuuzoea kwako. "Yaya, unipime na miye." Nami hata utepe sikuushika. "Weye nakujua kwa kichwa," nilikwambia, "enda ukapumuzike." Nikakata libaya lako, ile blauzi ya kitenge, kwa vipimo vya yule msichana wa juu ya kigoda. Nilijiambia ni kukutia moyo, kwamba utaliona limetundikwa ukutani, utaona aibu kidogo, utajikaza, na kitenge cha tumboni kitamaliza kazi. Sijawahi kumfanyia mteja yeyote jambo kama hilo. Mteja ningemrudishia kitambaa chake.

Ile asubuhi naijua kila dakika yake. Wenzako uani wameshavaa, wanajaribu nyimbo, na sisi ndani tunahangaika. Zipu ilifika katikati ya mgongo ikakataa. Nikaweka goti mgongoni mwako. Nikakupeleka mlangoni penye mwanga, kumbe nimekupeleka mbele ya macho yao wote. "Vuta pumzi! Kaza tumbo!" Mimi huyo huyo. Na zipu ilipokataa tena, nikaona wananiangalia, fundi mzima ameshindwa na blauzi ya mdogo wake, nikatafuta wa kumbebesha aibu yangu. Nikasema kwa sauti, "Ao kuko mutoto wa pili ulibakisha ndani?"

Walicheka. Walicheka bila ubaya, unajua wanawake wetu. Lakini wewe nawe ulicheka, mdogo wangu, kicheko kidogo chembamba, huku unalivua libaya. Ulimi hauna mfupa, wanasema. Wa kwangu siku ile ulikuwa na meno.

Ulikwenda kanisani umejitanda kitenge kizima mabegani katika joto lile. Mabega yale! Yalikuwa yamekunjamana mbele, mikono yote miwili imefunika tumbo, kichwa chini, nyuma ya kila mtu. Padri alipoita mama wa mtoto, ukanisukumia mtoto. "Umubebe weye, yaya." Nikambeba. Nimeangalia picha zote za siku ile, moja moja, na hakuna hata moja uliyomo.

Siku nne baadaye ukaenda kununua sabuni.

Majuto ni mjukuu, na mimi wa kwangu namlea sasa mikononi. Nimejifunza kwa mwili wangu sehemu ndogo ya ulichobeba. Mgongo wangu umeinama kwa kumbeba huyu mtoto, na sikupasuliwa, sikunyonyesha, sikupoteza damu. Juma lililopita alikuja mama mmoja kijana, mtoto wake hana hata mwezi, anataka nguo ya harusi ya kaka yake. Nilipomzungushia utepe akajibana, mabega juu, uso umekuwa mgumu. Mdomo wangu ukaanza wenyewe, "Mama, pumua." Nililia juu ya cherehani. Maskini akadhani amekosea yeye. Akaniomba radhi, mdogo wangu! Mama mzazi ananiomba mimi radhi kwa sababu ya tumbo lake! Nikamkalisha, nikamweleza yote, bila kutaja jina. Akaniambia, "Miye kama yaya yangu alinisema vile, sijue kama ningerudi." Nikamshonea bure, lakini neno lake sijalala nalo vizuri hata siku moja.

Liko jambo sikukuambia, na nitalisema hapa kabla ujasiri haujaniishia. Kila mtu anajua kwamba niliolewa miaka sita nikarudishwa nyumbani kwa sababu sikushika mimba. Wanalisema nikipita, nimezoea. Wasilolijua ni hili. Nilipokuwa nakuogesha kwa maji ya moto, nikiliona tumbo lako limelegea kama mfuko uliomwagwa mahindi, na ile michirizi, na ule mstari wa kisu, sikuona ubaya wowote. Niliona kitu ambacho ningetoa cherehani langu na nyumba juu yake nikipate. Nilikuwa nakifunga ili nisikione. Nilitaka urudi kuwa msichana wa kigoda, tuwe sawa tena, wanawake wawili ambao hawajazaa. Hukuwa na kasoro, mdogo wangu. Nilikuonea wivu, ndiyo yote.

Rudi. Rudi umeinama, rudi umevaa gunia, rudi umejitanda vitenge kumi. Hakuna atakayekwambia unyooke. Mumeo nimemdanganya majuma haya yote, kila akipiga namwambia umelala, uko bafuni, umekwenda kliniki. Jana aliniuliza kama umekufa. Nikamwambia ukweli. Hakunitukana, na heri angenitukana. Alisema tu, "Akirudi, umuambie mwili ni yake. Miye nilioa muntu, sikuoa kiuno."

Ningeweza kuishia hapo, ikawa barua nzuri. Lakini sikuja redioni kwa sababu ya hayo. Nimekuja kwa sababu ya jana asubuhi.

Nilimpeleka mtoto kwenye chanjo. Kulikuwa na muuguzi mgeni, hanijui. Alimpima uzito, akamsifu, akachukua kalamu, akauliza bila kuinua kichwa, "Mama yake njo nani?"

Nikasema, "Ni miye."

Hakuna aliyenilazimisha. Ningeweza kusema mama mkubwa, neno letu lipo na linatosha. Muuguzi akaandika jina langu penye mstari wako, akanirudishia ile karatasi, na njia nzima ya kurudi nyumbani nilitembea na mwanao mgongoni, mikono imelegea, mabega yameshuka, kichwa juu. Watu walinisalimu. Mimi ambaye tangu Zongwe sijawahi kutembea hivyo. Nilifurahi, mdogo wangu. Nilifurahi hadi nikaogopa.

Fanya haraka. Kila jioni bado ninapiga magoti na kuomba urudi, na hadi jana niliomba kwa moyo mmoja. Njoo kabla sijaanza kuomba usirudi.

Ni mimi, yaya yako.