Springi za Breki Nilizokutumia, Zitoe

Muscat, Jumatano asubuhi

Kaka Paskali,

Shikamoo. Natumaini mvua imewakuta mmeshapanda, na ng'ombe yule aliyekuwa mgonjwa amesimama. Mimi ni mzima. Simu yako haipatikani tangu jana, kwa hiyo barua hii naipiga picha na kumtumia shemeji akuletee gereji.

Jambo ni moja. Zile springi na pini za kushikilia pedi za breki nilizokutumia, uliniambia umezikunja kidogo zikaingia kwenye Noah ya Yohani, ile inayoleta wagonjwa hospitali ya Haydom kutoka Masieda. Zitoe kabla gari halijateremka tena. Keshokutwa Mama anapanda gari hilo kwenda kliniki.

Sababu ni hii. Juzi lililetwa gari la spoti la viti viwili kubadilishwa pedi. Boksi lilikuwa na springi na pini mpya. Nilizitazama za zamani, sikuona kasoro. Nikazipiga msasa kama tunavyofanya nyumbani, nikazirudisha. Mpya nikaziweka pembeni nikutumie wewe. Najua hazikuwa zangu.

Msimamizi wetu, Mzee Saidi, ambaye mama yake alizaliwa Unguja, alilikagua gari kabla halijatoka.

"Elia, hizi si mpya."

"Ni nzima, mzee. Nimezisafisha."

"Naona. Umezing'arisha kama bwana harusi."

Wenzangu walicheka. Yeye hakucheka. Aliweka mezani springi moja ya zamani na moja mpya, akaniambia nizibonyeze. Mpya ilirudi juu. Ya zamani ilibaki imelala.

"Moto wa breki umeshaipika," alisema. "Pedi itacheza, na siku moja itakaa upande mlimani, breki isishike. Kwa msasa utaiamsha?"

Nilifungua magurudumu yote manne, nikaweka mpya. Aliponiuliza zilikuwa wapi, nilimwambia kweli. Kesho ataniita ofisini. Sijui kama nitabaki kazini. Lakini hofu yangu haiko huko.

Zile zako zilitoka kwenye magari kama hilo. Zilikuwa za kutupwa, nami nikaona zinafaa. Utasema Noah haikimbii. Ni kweli, lakini inateremka imejaa watu. Yohani akinung'unika kwamba anakosa safari, mwambie anilaumu mimi. Kama Mbulu mjini hakuna mpya, aagize Arusha, gari lisubiri.

Nisalimie shemeji, baba mdogo wa Basotu na mwalimu wetu wa kwaya. Mama namwamkia, mwambie Ijumaa aende kwa basi.

Ukishazitoa, zipige picha zikiwa kwenye kiganja chako. Unisamehe, kaka, ukiniandikia tu kwamba umezitoa sitatulia. Hata mimi nilimwambia Mzee Saidi ni nzima.

Mdogo wako,
Elia