Siku Hakimu Aliponisubiri

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba, maana najua umeshaniamkia kabla hujaifungua barua. Sisi huku Ujiji tu wazima. Mama yako yuko Kibirizi anakimbizana na mvua, dagaa wake hawajakauka.

Umeniandikia kwamba majaji wa nchi ya mbali wameamua hedhi salama ni haki ya kila msichana shuleni, ukaniuliza: "Bibi, mahakama na hedhi wapi na wapi?"

Nilikuwa msichana kama wewe, nimeitwa shahidi mahakama ya mwanzo kwenye kesi ya wizi wa nyavu. Nilipomaliza kusema nilikaa kwenye benchi, na hapo damu ikanijia. Mara karani akaita, "Korti!" Kikao kilikuwa kimeisha; hakimu akainuka kutoka, na watu wote wakasimama kwa heshima ya mahakama. Mimi nikaganda palepale.

"We binti, unaidharau mahakama?" karani akafoka.

Mama mmoja, mzee wa baraza aliyeketi kando ya hakimu, alinitazama usoni akaelewa. Alishuka, akavua kitenge chake cha juu, akanizungushia kiunoni. Hakimu aliona. Alirudi kitini, akakaa, akasema, "Tokeni nyote. Mimi nitatoka shahidi akishakuwa tayari."

Zuhura, sheria yenyewe ilikaa ikanisubiri! Ila hakuna aliyethubutu kulitaja jambo lenyewe. Leo majaji wamelitaja kwa jina lake, wakaliita haki.

Nilipofika hapo katika barua yako nilikuwa peke yangu sebuleni. Nikasimama.

Bibi yako