Kwa Nahodha Wetu Aliyeagiza Tanga Jipya

Mwaka umetimia leo, Mama, tangu ulipofumba macho katika hospitali ya bandarini, na maswali yetu bado ni mengi kuliko machozi.

Ulikaa kwenye dirisha moja la posta miaka thelathini ukigonga mihuri. Ulipostaafu tu, ukamshika mkono Baba, fundi saa asiyejua kuogelea, mkahamia kwenye boti la tanga lenye chumba kimoja, mkawa watu wa kisiwa leo, kisiwa kesho. Sisi tukakubatiza Nahodha. Baba akajiita abiria.

Alfajiri ulisikiliza hali ya hewa redioni, penseli nyuma ya sikio. Vyombo mliviosha kwa maji ya bahari, mkasuuza kwa kikombe kimoja cha maji matamu, na ole wake mgeni aliyemwaga cha pili! Mvua ikinyesha uliikinga kwa turubai, ukafua. Tanga la jirani likichanika ulilishona bila kuombwa, ukimsema mwenyewe kwa uzembe wake.

Makopo ya chakula ndiyo yanayotutoa jasho. Uliyabandua karatasi yote, maana zikilowa huziba pampu ya kutolea maji botini, ukachora alama zako juu ya vifuniko. Maana yake hukumwambia mtu. Baba alifungua kopo la duara, akapata maharage. Kesho yake akafungua duara jingine, akapata mananasi, akayala na wali kimya kimya. Tulimhurumia, na tulicheka.

Lakini kubwa ni hili. Dada yetu mkubwa anaapa ulimwambia umechoka, chumvi imeingia hadi kwenye shuka, mwaka huo ungekuwa wa mwisho. Akamwandalia Baba chumba nyumbani kwake. Miezi mitatu baada ya mazishi, fundi matanga akaja na tanga jipya. "Mama aliliagiza kabla hajalazwa," akasema. Mtu aliyechoka anaagiza tanga la nini? Tushike lipi, Mama?

Baba naye ni kigeugeu. Asubuhi anakubali kuuza, jioni unamkuta anapaka boti rangi. Wiki iliyopita mnunuzi alipatikana, wakaahidiana Ijumaa. Alhamisi Baba akasema analijaribu tanga jipya kidogo tu, palepale bandarini. Tulipotazama tena alikuwa ameshapita mnara wa taa.

Dada akampigia simu. "Baba, unakwenda wapi peke yako?"

"Muulizeni mama yenu," akajibu, akakata.

Basi tunakuuliza wewe, Mama.

Unakumbukwa na mumeo, yule abiria, popote alipo asubuhi hii. Binti yako mwalimu, ambaye kitanda bado amekitandika. Mwanao fundi umeme. Kitinda mimba wako. Na wajukuu watatu wanaosema babu ametoroka.

Hutatutoka moyoni, Nahodha, hata pale tunaposhindwa kukuelewa.