Waya Niliokutuma Kununua

Kaka Issa,

Eda ya mke wako Mwajuma ilikwisha juzi. Kuna jambo nimemwambia, na nataka ulisikie kwangu mimi mwenyewe, dada yako.

Kwanza habari za hapa Rumonge. Karakana nimeifungua. Watu wanaleta redio zao kama walivyokuwa wanakuletea wewe, nami ninazitengeneza. Ndagala zimekuwa adimu, wavuvi wanakatazwa kwenda mbali ziwani. Bariyeri ya askari bado iko palepale, njia ya Kigwena. Ninakula. Ninalala. Sijalia, kaka. Siku tulipokuzika nilikuwa jikoni naosha vikombe, nikimaliza naviosha tena. Shangazi akasema nina moyo mgumu. Mpaka leo sijui kama ni kweli.

Unakumbuka tulivyoanza? Vita ilikuwa imetufungia nyumbani, ikifika magharibi hakuna anayetoka, na betri za redio hazipatikani. Ukasema: kaseti moja, ampli moja ya kukuza sauti, betri moja ya gari, na waya wa kupita juu ya mapaa mpaka kwenye bafle, zile spika za majirani. Nyumba nne. Kila siku baada ya alasiri unawasha, na Mama anapiga kelele kutoka kwake, nyumba ya nne, "Issa, ongeza! Huku iko mbali!" Sauti ilimfikia imechoka. Waya wenyewe ulikuwa wa kuungaunga, vipande vya kila aina.

Betri za redio ziliporudi sokoni, ukatengeneza ule mtambo mdogo wa kurusha muziki bila waya, ndani ya kopo la maziwa. Ulikuwa umechoka kupanda mapaa kila mvua ikinyesha. Siku ya kwanza wimbo ulitoka kwenye redio ya Mama, safi kabisa, bila kamba yoyote, ukacheka mpaka ukakaa chini. Hata mimi nilicheka.

Siku ya tatu akaja askari wa bariyeri, redio yake begani. Ilikuwa inapiga kaseti yetu. Aliuliza kwa upole tu, "Hii stesheni iko wapi?" Ukamwambia hujui. Alipoondoka nikaona shati lako limelowa mgongoni.

Nilikwambia wakijua tuna kitu kinachorusha sauti hewani, hawatauliza kama ni cha muziki. Waya unaishia kwa jirani, tunamjua. Hiki kinafika kwa nani? Tulibishana mpaka Mwajuma akatuomba tushushe sauti. Mwisho nikachukua koleo, nikakivunja mbele yako. Nikasema, "Kesho nenda Bujumbura. Lete waya mpya, mzima."

Ukanijibu, "Haya, mukubwa." Mimi, mdogo wako kwa miaka sita.

Uliununua. Mlipokuwa mnarudi, pale Kabezi, bisi yenu ikapigwa risasi. Mama mmoja muuza mawese, aliyekuwa amelala chini kati ya viti, alikuja siku ya tatu ya msiba akiwa na mzigo wa waya. "Hii ilikuwa kwa miguu yake," akasema. Nikamshukuru, murakoze. Nikausukuma chini ya kitanda.

Watu wote wanasema ulikwenda kutafuta vipuri. Sikuwasahihisha. Miezi minne na zaidi nimempelekea Mwajuma chakula, nakaa mbele yake, naye anasema, "Sijui siku ile kitu gani kilimpeleka njiani." Mimi ninampakulia. Ninamuuliza kama chumvi inatosha.

Juzi nikamwambia ni mimi niliyekutuma. Alikuwa anakunja nguo zake za eda. Hakuacha kukunja.

"Ninajua," akasema. "Aliniambia asubuhi ile kabla ya kuondoka. Nilikuwa ninakungoja wewe useme."

Kumbe kila sahani niliyompelekea alikuwa anajua. Kila mara aliposema vile, alikuwa ananifungulia mlango, nami ninazungumza habari za chumvi. Nikamwomba msamaha. Hakusema amenisamehe, na mimi sikumuuliza mara ya pili. Alimaliza nguo, akaziweka juu ya sanduku, kisha akasema, "Ule waya kama iko, uufunge. Nyumba iko kimya sana."

Jana nilipanda mapaa mwenyewe. Niliondoa vipande vyote vya zamani, nikavuta waya mmoja kutoka karakana mpaka nyumba ya nne. Nikawasha. Mwajuma alitoka uani, akasikiliza wimbo mzima amesimama, akarudi ndani. Mama hakupiga kelele ya kuongezewa. Sauti sasa inamfikia. Nilikaa juu kule nikasubiri nilie. Machozi hayakuja. Nikashuka.

Mama bado hajui ni mimi. Yeye humshika mkono kila abiria anayetoka Bujumbura, humuuliza kama alikuona siku ile, kama ulisema neno. Nimemwona mara nyingi, nikapita upande wa pili wa barabara.

Ijumaa nitakwenda kwake nimwambie. Akinifukuza, nitaondoka, na kesho yake asubuhi nitarudi kumwamkia, na siku itakayofuata tena, mpaka siku atakayoitikia. Hilo ninakuahidi, Issa. Mungu akulaze pema. Sitamwacha Mama aendelee kuwauliza watu wa njiani.

Mdogo wako,
Zaituni