Nozeli Nilizotoboa Mimi

Jumanne, 12 Agosti 2025

Leo furaha! Makoye kapiga simu kutoka Geita, yule mwenye duara lake, shimo la dhahabu. Rav4 yake eti sasa inaruka, kule milimani haisikii mzigo. Nozeli zake nne, zile za kunyunyizia petroli kwenye injini, nimezitoboa mimi, hapa hapa jikoni kwetu Ngokolo. Kibiti cha kutobolea, chembamba kama sindano, nazungusha kwa vidole tu, kisha napima kwenye chupa nne za soda mpaka petroli ilingane. Siku mbili nzima! Anataka nyingine nne, za Altezza ya mdogo wake.

Aliyeongea naye ni Hatibu, mume wangu. Nikamsikia anasema kazi ile kaifanya yeye, hata kulala halali. Nilipomuuliza akacheka. Eti wachimbaji wanaamini mwanamke akisogelea duara dhahabu inakimbia, sasa wakisikia kagusa na nozeli, nani ataleta gari?

Nimemeza. Lakini imenikwama.

Alhamisi, 14 Agosti

Za Altezza tayari — hapana, tatu tu. Ya nne mkono uliteleza, tundu limepanuka mno. Inadondosha petroli hata nikikata umeme unaoifungua. Kosa langu, nakiri. Nimeifunga uzi mwekundu. Nimemwambia Hatibu mara mbili: hii mbovu, subiri Jumatatu nitoboe nyingine.

Akasema sawa, mama.

Jumamosi, 16 Agosti

Nozeli hazipo! Zote nne. Uzi mwekundu nimeukuta kwenye ndoo ya maganda ya viazi. Hatibu kaondoka nazo alfajiri kwenda Geita, kanidanganya anakwenda Tinde. Simu hapokei. Aliufungua uzi kwa mkono wake, akijua. Ile "sawa, mama" ndiyo inayoniuma. Nimepika, sijala.

Jumapili, 17 Agosti

Makoye yuko uani, Hatibu karudi naye. Altezza imeletwa juu ya lori, Canter. Injini ilijaa petroli, walipolazimisha kuiwasha koni rodi, chuma kinachoshika pistoni, ikapinda. Salamu yake ilikuwa "mwangaluka" moja ya kikwao, kavu. Mimi niko chumbani, dirisha wazi, naona na kusikia kila kitu.

Hatibu kaapa! Kwa jina la Mungu! Kwamba yeye hajui lolote, ni mke wake huyu anapenda kuchezea vitu vyake, ndiye aliyetoboa. Kisha kaniita kwa sauti: Mama Salmini, hebu njoo umuombe mgeni radhi!

Ala! Leo ndiyo nina mikono! Zikienda vizuri kazi yake, zikiharibika mke wake. Mtu niliyemfundisha mimi kushika bisibisi! Machozi yananitoka, ni hasira tupu.

Makoye hajapandisha sauti. Anauliza tu: na zile za Rav4, alitoboa nani?

Hatibu anainama, anajifanya kukagua tairi la Canter.

Makoye kauliza tena, taratibu. Kaizima hata redio ya Canter ili asikie vizuri. Nimesimama, daftari mkononi, nalikandamiza kwenye ukuta niandike. Nataka aseme yeye kwamba ni mimi. Mara moja tu, kwa mdomo wake.

Hatibu anakohoa. Anaangalia dirisha langu.